Lenzi ya Kirusi na Uso wa Mama Mkwe

Lenzi ile ililetwa Voi na mfanyabiashara mmoja wa bara aliyekuwa na duka la redio na saa karibu na stesheni. Alisema aliipata Mombasa kwa baharia aliyekuwa na haraka, na sasa hakujua amuuzie nani, maana mji mzima watu wenye kamera inayoingia lenzi ya namna ile tulikuwa wachache mno. Basi Jumamosi moja, katikati ya miaka ya sabini, aliniita nikitoka kazini, akaitoa ndani ya kopo lake jeusi, akaiweka juu ya kaunta. Akaniambia niende nayo, niijaribu, nikiridhika tuongee, nisiporidhika niirudishe. "Mimi Warusi siwajui," akasema. "Wewe ndio fundi wa picha."

Sikuwa fundi wa picha. Nilikuwa karani wa stoo katika shamba la mkonge, na Jumapili nilipiga picha za arusi, kipaimara na watoto waliobatizwa. Lakini nilipenda kuitwa fundi, na siku ile nilitoka dukani mabega yamepanda. Tena nilikuwa na shida ya kweli: lenzi yangu mwenyewe ilikuwa imeota kuvu ndani kwa kupandishwa kwenye baridi ya milimani na kuteremshwa kwenye joto la Voi kila wiki. Bibi arusi niliyempiga kwa lenzi ile alionekana kama amesimama nyuma ya moshi wa kuni.

Nilianza kuichunguza siku ileile. Niliiinua dirishani nikaona ndani ya kioo mapovu mawili madogo, na kioo chenyewe kina rangi ya buluu, kama mafuta ya taa yaliyomwagika juu ya maji. Ilikuwa nzito kwa ukubwa wake. Pete ya kufungulia mwanga ilizunguka bila kugota popote, kwa hiyo ilibidi usome namba kila mara, na umbali uliandikwa kwa mita huku mimi bado nikifikiri kwa futi. Grisi yake ilinuka kama karakana ya reli. Nilipoyaona mapovu nilitaka kuirudisha papo hapo, kisha nikakumbuka kwamba fundi mmoja wa Mombasa aliwahi kuniambia mapovu hayana neno. Cha kuogopa kwenye lenzi za Kirusi, alisema, ni mambo ya karibu.

Hapa inabidi nieleze kidogo. Kamera za aina ile hazikuonyeshi picha kupitia lenzi. Unachungulia kwenye kidirisha kilicho juu yake, na katikati ya kidirisha kuna doa la manjano ambamo kitu unachokitazama kinaonekana mara mbili, kama anavyoona mlevi. Unaizungusha lenzi taratibu mpaka vile viwili vinakuwa kimoja, kisha unabonyeza. Ukifunga lenzi ya kigeni kwenye kamera isiyo ya kwao, huenda zisielewane. Wewe unaona vimekuwa kimoja, kumbe lenzi inalenga nyuma kidogo. Kwa vitu vya mbali kosa hilo halionekani. Kwa uso wa mtu aliye mbele yako, linaonekana na kukucheka.

Kwa hiyo katikati ya wiki nilipiga mlima wa Sagalla asubuhi, kabla joto halijaanza kutetemesha hewa. Nikabandika gazeti kuukuu kwenye ukuta wa stoo nikalipiga kutoka hatua kadhaa, pete ikiwa imefunguliwa yote. Niliposafisha picha, kwenye chumba changu cha nyuma chenye mablanketi dirishani, mlima ulitoka mpaka mikunjo yake, na gazeti ungeweza kulisoma. Sijawahi kuona lenzi kali kama ile. Lililobaki lilikuwa jaribio moja tu, la karibu kabisa. Mtu mwenye akili angepanga chupa za soda mezani na kulimaliza. Mimi filamu ilikuwa ya kubana, na tulikuwa tunakwenda Wusi, juu milimani, Jumapili ile kwa mama wa mke wangu, ambako nilikuwa na picha ya karibu ya kupiga. Nikajiambia nitaua ndege wawili kwa jiwe moja.

Picha yenyewe aliitaka mama mkwe. Alikuwa na goita shingoni, uvimbe wa ukubwa wa embe, na hospitali ilikuwa imempa siku ya kupasuliwa. Hakuogopa kisu. Alichoogopa alimwambia binti yake, naye akaniambia mimi: mumewe alikufa bila kuacha picha hata moja, na sasa watoto wake walikuwa wakibishana kama baba alikuwa na pengo la meno upande wa kulia au wa kushoto. Yeye hakutaka kubishaniwa. Alitaka uso wake, uso mtupu, mkubwa, bila shingo, uwe ukutani kabla hajalala kwenye kitanda cha hospitali.

Ungemwona ungeelewa. Alikuwa mwanamke wa macho. Alizungumza na chifu akimtazama usoni, akazungumza na padre hivyohivyo, na watu walisema alishinda kesi ya mpaka wa shamba kwa kumkodolea karani wa ardhi mpaka karani akachanganya maneno. Goita hakuifunika. Mtoto akimshangaa sokoni, alimshangaa naye.

Na mimi sikuwahi kumtazama. Mimi ni Mkamba. Wazazi wangu waliteremka Voi kufuata kazi ya mkonge kabla sijazaliwa, lakini mambo ya kwao waliyabeba yote. Kwetu, mama wa mke wako humkaribii. Ukimwona njiani mmoja wenu anaingia kichakani. Humshiki mkono, huli mbele yake, na macho yako unayaweka chini mpaka apite. Wamekufa watu kwa kiu, alipenda kutania baba yangu, kwa sababu mkwe alikuwa amekaa kisimani. Nilikuwa nimesoma, nilivaa suruali ya kupigwa pasi na niliimba kwaya, na yale ya kwetu nilidhani yamenitoka. Hayakuwa yametoka. Tangu nioe, mama yule nilimjua kwa miguu, kwa ncha ya kanga na kwa sauti. Wadawida, watu wa mke wangu, nao wana heshima yao kwa wakwe, ila si ya kuingia kichakani, na mimi sikumweleza mtu yeyote. Nilidhani heshima inajieleza yenyewe.

Tulifika Wusi mchana. Mama alikuwa amejiandaa: gauni la kanisani, kitambaa kipya kichwani, kiti kimewekwa mlangoni mahali penye mwanga mzuri, upande wa nyuma yake mwimo wa mlango. Mke wangu akaingia jikoni. Nikabaki peke yangu na kamera, na ilibidi nisimame mahali ambapo katika maisha yangu sikuwahi kusimama, mita moja tu kutoka kwa mama mkwe, kwa sababu kwa uso mtupu usio na shingo hakuna njia nyingine.

Niliinua kamera nikachungulia. Katika lile doa la manjano kulikuwa na mama wawili, na wote wawili walikuwa wananitazama moja kwa moja. Sikuweza. Nasema kweli, jicho likaenda lenyewe pembeni, kwenye mwimo wa mlango, ambako kulikuwa na msumari wa kutundikia taa. Nikazungusha lenzi mpaka misumari miwili ikawa mmoja. Kisha nikasogeza kamera kwa mama, nikafumba jicho na kubonyeza. Nikafanya hivyo mara tatu. Nilijua kwamba msumari uko nyuma ya uso kwa kama shibiri mbili. Nilijiambia ni karibu tu, itakubali.

Akauliza, "Tayari?"

Nikamjibu tayari, nikiziambia ndara zake.

Picha zilipotoka kwenye dawa, uso wa mama ulikuwa uji. Ulijua kuna macho na kuna mdomo, basi. Na kando yake, msumari. Msumari ulitoka mkali ajabu, na kutu yake, na uzi wa buibui kutoka kichwa cha msumari hadi kwenye mbao. Nilizitazama picha zile zikielea kwenye beseni na nikaelewa kila kitu wakati uleule. Lenzi ilikuwa nzima. Nilikuwa nimeiambia itazame msumari, nayo imeutazama msumari.

Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Jumatatu nilikwenda na ile picha dukani, na nilichagua saa ambayo vijana wa reli walikuwa wamejaa pale wakisubiri redio zao. Niliiweka picha juu ya kaunta. Nikawaeleza kwa sauti ya ualimu jinsi lenzi za Kirusi zinavyolenga nyuma, nikawaonyesha uso, nikawaonyesha msumari. Wakashangaa elimu yangu. Mmoja akasema Warusi wanajua bunduki, si picha, na watu wakacheka, na mimi nikacheka. Mfanyabiashara hakucheka. Aliitazama picha, akaitazama lenzi, akaifuta kwa pindo la shati lake na kuirudisha kwenye kopo pole pole. Akaniomba radhi kwamba amenipotezea filamu. Aliniomba radhi mimi.

Nyumbani nilimwambia mke wangu maneno yaleyale: lenzi mbovu, tutatafuta nyingine. Naye akaenda Wusi katikati ya wiki kumsaidia mama yake kufunga vitu vya hospitali, akampelekea habari. Aliporudi hakunisalimu vizuri. Alipika, akapakua, akakaa kitini kunitazama nikila. Nilikuwa nimemaliza nusu ya sahani aliposema.

"Mama anauliza kama ni shingo."

Sikuelewa. Nikamuuliza shingo gani.

"Anasema tangu unioe hujawahi kumwangalia. Anasema alidhani ni aibu ya kijana, itaisha. Halafu siku ya picha akaona umegeuza macho, ukaangalia mlango. Anauliza kama shingo yake inakutapisha. Anasema kama ni hivyo usijisumbue, ataenda hospitali bila picha."

Nimeaibika mara nyingi maishani. Nimeanguka mbele ya kwaya, nimekamatwa bila tiketi, nimeombwa kutoka kwenye karamu ambayo sikualikwa. Aibu hizo huingia usoni, zikakaa kidogo, zikatoka. Hii haikutoka; nilisukuma sahani kando. Mwanamke aliyemtazama kila mtu machoni alikuwa amekaa miaka yote ile mbele ya mkwe anayeangalia ardhi, akitafuta sababu, na sababu pekee aliyoipata ilikuwa ni ule uvimbe. Na mimi nilikuwa nimeiita heshima. Nilimweleza mke wangu mambo ya kwetu, kichaka na kisima na yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kwa nini namweleza yeye.

Kesho yake nilirudi dukani kuiomba lenzi. Niliomba kwamba pasiwe na watu, na bila shaka vijana wa reli walikuwepo. Mfanyabiashara alishangaa: si ilikuwa mbovu? Ningeweza kudanganya tena. Uongo mmoja ulikuwa mdomoni tayari, kwamba nimepata njia ya kuirekebisha. Lakini nilimwona anavyoitoa kwenye kopo kwa ncha za vidole, kama kitu kilichomtia hasara na fedheha, nikashindwa. Nikasema mbele ya wote kwamba lenzi haina kosa, kwamba mimi nililenga msumari kwa sababu nilishindwa kumtazama mama mkwe wangu. Vijana wale wakacheka kuliko walivyowacheka Warusi. Kwa mwezi mzima walinisalimu kwa jina la Msumari. Mfanyabiashara aliisogeza lenzi upande wangu wa kaunta.

"Nenda umwangalie basi," akasema.

Nilipanda Wusi Jumamosi, siku chache kabla ya mama kwenda hospitali. Alikuwa kwenye migomba, na aliponiona hakuja kunipokea, alisubiri nimfikie. Nilimwambia kwamba kwetu mama wa mke hatazamwi, kwamba si kwa chuki, kwamba nimekosa kutomwambia. Nilimwambia hayo yote nikitazama migomba. Mama akaniambia kwamba kwao mtu anayezungumza na migomba hupelekwa kwa mganga, na nikajua amenisamehe, au anajaribu.

Alivaa tena gauni la kanisani. Akakaa palepale mlangoni. Nikasimama palepale.

"Mama, nitakuangalia muda mrefu," nikasema. "Unisamehe."

"Angalia. Si ndio umekuja kufanya?"

Nikachungulia. Mama wawili walikuwa pale, wakinitazama. Safari hii sikulikimbiza jicho. Nilianza kuzungusha lenzi, na hapo kikatokea kitu ambacho sikukitarajia: aibu iliniisha. Nilikuwa na kazi. Nilitafuta mstari mwembamba wa kulenga, nikaupata kwenye ukope wa jicho la kushoto, nikazungusha, nikapita, nikarudi. Grisi ya Kirusi ilikuwa imekaza kwa baridi ya mlimani. Nilijiambia sasa tutajua ukweli wa lenzi hii. Nilisogea mbele kidogo, nikarudi nyuma, nikaangalia tena ukope, nikaangalia kovu la ukurutu shavuni, nikaangalia vinyweleo. Nilimtazama vile nilivyolitazama lile gazeti la ukutani. Sijui nilichukua muda gani. Ulitosha mtu kuhisi kwamba anakaguliwa.

Mkono wake ukapanda na kuvuta kanga mpaka kidevuni, akiifunika shingo ambayo hata haikuwemo kwenye picha. Na macho yakashuka. Niliyaona yakishuka, ndani ya lile doa la manjano, kope mbili zikiwa zimekuwa moja, kali, safi. Ningeweza kuishusha kamera. Ningeweza kusema neno, kumchekesha, kumuuliza habari za ng'ombe, kungoja ayainue. Lakini ulikuwa umetimia barabara ule mlengo, na nikabonyeza. Nikabonyeza tena. Nilipomwambia ainue macho kidogo, aliyainua mpaka kwenye vifungo vya shati langu, yakaishia hapo.

Lenzi ilikuwa nzuri, nzuri kweli. Niliinunua, nikaitumia miaka mingi, na haikuwahi kunidanganya karibu wala mbali. Picha ilitoka kali kiasi kwamba ungeweza kuhesabu kope. Niliikuza, nikaitia fremu, ikafika Wusi siku moja kabla ya hospitali. Mama aliishika mbali na uso wake, kama wanavyofanya watu wenye umri, akaitazama kwa muda.

"Huyu ni nani?" akauliza, na wote tukacheka, na yeye akacheka. Kisha akaomba itundikwe.

Alipona. Goita ilitolewa, akaishi miaka mingi baada ya hapo, na alirudi kuwa yuleyule wa kuwakodolea macho machifu. Mimi na yeye tulizoeana. Nilijifunza kumsalimu nikimtazama, naye alinijibu vizuri, ingawa mara nyingi alikuwa akiangalia kitu kilicho nyuma ya bega langu. Nilimwomba mara kwa mara nimpige nyingine. Alikataa kila mara. Alisema ile inatosha.

Alipofariki ndiyo picha iliyowekwa juu ya jeneza. Wajukuu waliizunguka, na wale wa kutoka Mombasa ambao hawakumjua sana walisema alikuwa na sura ya upole. Padre aliyehubiri alikuwa kijana, mgeni wa parokia, hakuwahi kukutana naye hata siku moja. Akaitumia picha ile kama mfano. Akasema tuyatazame macho ya mama huyu, jinsi yalivyoinama, tuone mwanamke mnyenyekevu, asiyejikweza mbele ya watu wala mbele ya Mungu. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mke wangu, aliyekuwa amekaa kando yangu, hakuitikia. Aligeuka akanitazama, kwa macho ya mama yake.

Nilitaka kusimama niseme kwamba mama yule hakuwahi kumwinamia macho mtu yeyote isipokuwa mimi, mara moja, nikijaribu lenzi. Nilikaa. Padre akaendelea kuusifu unyenyekevu wake mpaka tukaimba wimbo wa mwisho.